Tupeane uzoefu: sinema za zamani za Lubumbashi, mnakumbuka nini?

Mwana Kamalondo
Bandugu, Jumapili nilipita na mtoto wangu mbele ya ukumbi nilimoonea filamu yangu ya kwanza. Siku hizi ni kanisa. Akaniuliza mbona ule ukuta mkubwa hauna dirisha hata moja. Nikamwambia picha zilikuwa zinatembea pale. Hakuniamini, na jambo hilo limenikaa moyoni. Ninyi wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba, Ruashi, na watoto wa kambi za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, leteni mnayoyakumbuka.

Mama Katuba
Yaya, ndugu yangu mkubwa, umenirudisha mbali. Mimi nilikulia kambini. Baba alikuwa na kazi, posho inafika, na Jumamosi jioni kuna filamu kwenye klabu ya wafanyakazi. Watoto tunakaa chini mbele kabisa, shingo zinauma. Filamu za Kihindi ndizo zilizotuua! Hakuna aliyejua neno hata moja, lakini mama zetu walilia na vitambaa usoni. Jirani yetu mmoja alikuwa anatafsiri kwa sauti, kila neno amelitunga yeye, na tulimsadiki. Hadi leo hadithi ninazozijua ni zake.

Mtoto wa Kabini
Marehemu baba ndiye aliyekuwa anaendesha mashine ya kuonyeshea filamu, mjini. Wengi hawajui ile kazi. Filamu moja ilikuja katika mikanda kadhaa, kila mkanda kama dakika 20, kwa hiyo kulikuwa na mashine mbili. Mkanda ukikaribia kuisha, kiduara kidogo kinatokea juu kulia kwenye picha: cha kwanza, anawasha injini ya mashine ya pili, cha pili, anabadilisha. Akichelewa kidogo, ukumbi mzima unapiga miluzi. Taa yenyewe ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vinavyoungua vikikaribiana, na ilibidi avisogeze kila mara kadiri vinavyokwisha. Alirudi nyumbani ananuka moshi. Mkanda ukikatika, anakata kwa wembe, anaunga kwa gundi, na picha chache zinapotea. Ndiyo maana filamu zilizozunguka sana zilikuwa zinaruka.

Mzee wa Kenya
Vijana husema video ndiyo iliyoua sinema. Ni kweli, ila nusu tu. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka 1990, uporaji ukaja 1991, na kufika 1994 shaba ilikuwa tani 30,000 hivi. Mshahara usipofika, nani atanunua tiketi ya familia nzima? Ndipo televisheni na kaseti zikakuta mlango wazi: uani kwa mtu, benchi mbili, jenereta, unalipa bei ya andazi. Mimi nililipa, sikatai. Lakini pale hukuvaa shati safi, na hukumpeleka mchumba.

Mama Katuba
Shati safi! Aksanti, mzee. Mimi nilipigiwa pasi gauni tangu mchana.

Mwana Kamalondo
Mtoto wa Kabini, baba aliacha kitu chochote?

Mtoto wa Kabini
Mashine ziliuzwa kama vyuma. Nimebaki na kipande cha mkanda chenye picha 24, ndani ya bahasha. Hiyo ni sekunde moja ya filamu. Yaya, mlete mtoto Jumapili, akiinue juani aone.