Mjadala: Mkaa, gesi au umeme, Kusini tupikie nini?

Mikindani: Tunaambiwa tupunguze hewa ukaa. Mmarekani mmoja kwa mwaka anapita tani 13, Mtanzania hafiki hata nusu tani kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe. Sisi tunahitaji nishati zaidi: friji za chanjo, barafu ya samaki. Naomba tuanzie jikoni, tuache mkaa tupikie umeme. Mnasemaje?

Mtu wa Kilwa: Umeme wa nini na gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapa Mtwara? Wangeijaza kwenye mitungi hapahapa, mtungi wa kilo 6 kila mtu angeumudu.

Fundi Shangani: Mjomba, umechanganya. Gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni methani. Ya mtungi ni propani na butani, inaletwa kwa meli. Hiyo ikibanwa kwa presha isiyofika baa 10 inakuwa kimiminika. Methani mpaka uipoze nyuzi 162 chini ya sifuri. Ukiibana kwenye mtungi wako wa kilo 6 kwa presha ileile, zinaingia gramu zisizofika 100.

Mtu wa Kilwa: Tangu 2013 kila tukiuliza habari za bomba la gesi la kwenda Dar tunajibiwa "hamjui". Basi tuleteeni bomba majumbani!

Fundi Shangani: Hapo niko na wewe. Ila nozeli za jiko la mtungi zibadilishwe, methani inataka tundu kubwa zaidi, la sivyo moto unafifia. Na tundu la hewa liwe juu ukutani: methani ikivuja inapanda, ya mtungi inatambaa sakafuni.

Dada Ligula: Mleta mada kauliza mkaa jamani! Kilo 1 jikoni inatoa hewa ukaa kama kilo 3, na joto linalofika kwenye sufuria halizidi uniti 2 za umeme. Bado hujahesabu tanuri la udongo lililokula kilo 6 hadi 8 za kuni kutoa hiyo kilo 1 ya mkaa. Uniti hizo 2 zikitoka turbini ya gesi, hewa ukaa ni kilo 1 na ushee.

Newala: Dada, mbaazi zitaiva kwa jiko la koili kweli?

Dada Ligula: Loweka usiku, tumia presha kuka ya umeme ya wati 1,000. Nusu kilo haimalizi uniti 1.

Newala: Jioni volti zinashuka kutoka 230 hadi 180!

Fundi Shangani: Ndiyo maana koili ya wati 2,000 inabaki kama 1,200, chakula hakiivi, watu wanarudi kwenye mkaa. Transfoma ya kVA 50, yaani kama wati 50,000, inabeba koili 25 tu kwa pamoja, hapo hakuna friji hata moja iliyowashwa.

Newala: Basi tuanze na transfoma. Mtaa wa nyumba 80 unataka ya kVA ngapi?