Kipupwe baharini Tanga: suti ya bodaboda, plastiki nene au kitambaa kinachopumua?

Mvuvi wa Sahare

Wakuu, salamu. Kusi limeshika na usiku umeanza kuuma. Sisi ni watu wa dagaa: tunatoka Sahare jua likichwa, tunawasha taa, alfajiri tunawahi mnada Deep Sea. Mvua yenyewe kwa sasa si nyingi. Kinachotumaliza ni maji yanayoruka omoni, mbele ya chombo, tunapokwenda kinyume cha upepo. Tunafika tumeshalowa, halafu tunakaa kimya muda mrefu tukingoja dagaa wakusanyike chini ya taa, na hapo ndipo baridi inapoingia. Vijana wangu wamezoea jinzi na sweta la pamba. Ikifika saa tisa usiku vidole havishiki kamba.

Nataka kuwavalisha wote kabla ya giza lijalo, zile siku zisizo na mbalamwezi tunazovua dagaa. Nimeona ile suti ya mvua ya madereva wa bodaboda, koti na suruali, nyepesi, iko kila duka. Nimeona pia seti ya plastiki nene yenye kitambaa upande wa ndani. Suruali yake inapanda mpaka kifuani na ina kanda za mabegani. Kwa bei ya seti moja unapata suti tatu au nne za bodaboda. Ya tatu ni majaketi ya mtumba ya kitambaa kinachosemwa kinazuia maji lakini kinatoa jasho. Aliyeyavaa baharini naomba aniambie ipi inadumu na ipi inamkausha mtu kweli.

Kijana wa Kigombe

Mkuu, kwa sisi wa mshipi kwenye ngalawa suti ya bodaboda inatosha. Inazuia upepo, na upepo ndio unaoua. Ubaya wake ni msambani: ukiinama kuvuta nyavu inaachia upesi. Kwa ringneti, nyavu za kuzungushia dagaa kama zenu, koti lake sawa, suruali yake sikushauri.

Fundi wa Ngamiani

Nashona maturubai na nguo za kazi, suti hizi zinaletwa kwangu kila kusi kurekebishwa. Kabla hujalipa, geuza ndani nje uangalie mishono. Sindano ikishapita kwenye plastiki imeacha matundu, na maji ya chumvi yanayopiga kwa nguvu yatapita hapo hapo. Nguo nzuri mshono wake umefunikwa na utepe kwa ndani, au haukushonwa kabisa, umeunganishwa kwa joto. Suti nyingi za bodaboda zina utepe kwenye mabega tu, kwapani na msambani hakuna. Unaweza kuipima pale pale dukani: geuza kofia ya koti, mimina maji ndani, ining'inize kidogo. Ikitoa tone kwenye mshono, baharini itatoa zaidi.

Plastiki yenyewe nayo inatofautiana. Ile isiyo na kitambaa nyuma inachanika kama karatasi ikishapata tundu dogo la ndoana. Yenye kitambaa nyuma ukiitoboa tundu linabaki tundu, unaliziba kwa kiraka na gundi ya vinili, kazi inaendelea. Ndiyo maana ile seti nene ina bei.

Baharia Mstaafu

Wanangu, nimepita bahari za kaskazini kwenye meli za mizigo, nimewaona wavuvi wa Norwe wakifanya kazi kwenye theluji. Baridi yao si yetu. Tanga mwezi wa Julai usiku ni nyuzi 20 au 21 hivi, kule wakati wa theluji ni chini ya sifuri. Lakini mtu aliyelowa na kupigwa na upepo haangalii kipimajoto. Maji yanaondoa joto la mwili upesi mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo hata hizo nyuzi 20 zinatosha kumlegeza kijana mwenye nguvu zake.

Mnajadili koti, nami nataka mwanze na kilicho ndani ya koti. Pamba ikilowa inashika maji na haina joto tena, iwe ni jinzi, fulana au sweta. Mvalishe kijana koti la bei kubwa juu ya fulana ya pamba, ataloa kwa jasho lake mwenyewe wakati wa kuvuta nyavu, kisha mtakapotulia jasho lile litampoza. Kinachogusa ngozi kiwe polista: jezi ya kandanda inafaa, traksuti inafaa. Juu yake sweta la manyoya ya polista, lile jepesi wanalovaa watu wa Lushoto, au la sufu. Sufu ikilowa bado inabakiza joto, na polista inakamuliwa na kukauka upesi. Kisha ndipo lije koti la kuzuia maji na upepo.

Wanorwe hawakuanza na plastiki. Mwaka 1877 nahodha mmoja wa kule, Helly Juell Hansen, pamoja na mkewe, walianza mjini Moss kutengeneza nguo za kitani zilizoloweshwa mafuta ya mbegu za kitani ili zizuie maji. Zilikuwa nzito na ngumu, watu walizivaa kwa sababu walitaka kurudi nyumbani wazima. Plastiki nene ya leo ni mjukuu wa nguo ile, na wavuvi wengi wa kule bado wanaitegemea.

Mvuvi wa Sahare

Shikamoo mzee, na ahsante. Hili la jezi sikuwa nimelifikiria, na jezi vijana wanazo tayari. Sasa lile jaketi linalopumua, mbona watu wanalisifu? Moja nililoliona lina kibandiko kimeandikwa 10,000.

Baharia Mstaafu

Marahaba mwanangu. Fundi atakujibu vizuri zaidi.

Fundi wa Ngamiani

Hiyo 10,000 ni milimita. Maana yake kitambaa kimepimwa kikavumilia uzito wa maji yaliyosimama wima mita 10 kabla hayajapenya. Kwa mvua ni nyingi. Ila ukipiga goti kwenye ubao uliolowa au ukikalia, unakandamiza maji kwa nguvu kuliko mvua inavyopiga, kwa hiyo magoti na makalio ndiyo yanayoanza kulowa. Na namba hiyo ilikuwa ya kweli siku jaketi lilipotoka kiwandani. La mtumba limeshafuliwa na kuchakaa.

Kuhusu kupumua, utando ulio ndani ya kitambaa unapitisha mvuke wa jasho kutoka palipo na joto na unyevu kwenda palipo pakavu na baridi. Milimani unafanya kazi vizuri kwa sababu nje ni pakavu na pana baridi. Hapa kwetu hewa ya bahari ni ya uvuguvugu na imejaa unyevu, tofauti ya ndani na nje ni ndogo, jasho linatoka polepole sana. Ongeza chumvi na mafuta ya samaki, yanaziba. Sehemu ya juu inayofanya maji yateleze ikishakufa, kitambaa kinashiba maji na kupumua kunakoma. Kwa anayetembeza watalii kwenye boti safi, akalifua jaketi lake kwa maji yasiyo na chumvi kila akirudi, ni nguo nzuri. Kwa boti ya dagaa ni pesa iliyopotea.

Mama wa Mwani

Naomba na sisi mtukumbuke. Tunaolima mwani hatukai botini, tunasimama kwenye maji wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, asubuhi, saa nyingi. Huku juu hatuloi, tunaloa kuanzia kiunoni. Kanga zikilowa zinang'ang'ania miguuni na upepo unazipiga. Gambuti zinajaa maji ukikanyaga shimo moja tu. Mwenzetu alijaribu suruali ndefu ya mpira yenye buti zake, inayofika kifuani, akaikimbia: ilijaa maji akashindwa kunyanyuka mpaka tukamsaidia.

Kijana wa Kigombe

Dada yangu, kwa kazi yako tafuta nguo ya kuzamia, ile ya mpira mlaini, suruali peke yake au vazi la kipande kimoja lenye miguu mirefu. Unene wa milimita 3 unatosha kwa maji yetu. Haizuii maji kuingia. Yanaingia kidogo, mwili unayapasha, nayo hayatoki. Sisi tunaozamia pweza hatuna nyingine. Kwa miguu vaa viatu vya mpira huo huo vyenye soli ngumu, vitakukinga na miiba ya baharini pia. Zile za mtumba zinapatikana, ila angalia magotini na kwenye zipu.

Wa botini msiinunue kwa ajili ya kukaa. Ukitoka majini ukakaa kwenye upepo, maji yaliyo juu ya mpira yanakauka na kukupoza. Nikipanda ngalawani navaa koti la bodaboda juu yake mara moja.

Mama wa Mwani

Ahsante mdogo wangu. Nitaanza na viatu, suruali tutachanga kwenye kikundi.

Baharia Mstaafu

Kuna jambo moja silipuuzi kabisa. Chochote mtakachovaa, jaketi okozi linakuja juu ya yote. Nimeona vijana wanavaa koti la mvua juu ya jaketi okozi ili lisilowe. La kujaza hewa likivimba chini ya koti litambana kifua, na hata la sponji hamwezi kulishika mkimvuta mtu majini. Gambuti zinunuliwe namba moja kubwa kuliko mguu, mtu akianguka azivue kwa teke. Buti iliyobana, imejaa maji, inamchosha mtu haraka. Suruali ipite nje ya gambuti, si ndani, maji ya nyavu yateremke chini yasiingie kwenye buti.

Rangi nayo. Bluu na nyeusi ziacheni sokoni. Chungwa au njano, hata kama kijana anasema hapendi. Usiku kwa tochi utaiona njano, bluu huioni.

Na ukimwona mtu anatetemeka sana, kisha ameacha kutetemeka lakini anaongea ovyo na vidole havitii, huyo hajapata nafuu. Joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35 na linazidi kushuka. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa kavu, akiweza kumeza mpeni chai yenye sukari, geuzeni boti. Kwa hiyo kila chombo kiwe na blanketi moja na traksuti moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Hizo hazivaliwi na mtu mpaka zihitajike.

Mvuvi wa Sahare

Mzee, hilo la mfuko nalifanya kesho. Uamuzi wangu ni huu: wanne wanaovuta nyavu nawachukulia suruali nene za kifuani, kwa sababu ndio wanaoinama na kupiga magoti. Makoti yawe ya bodaboda kwa wote, nikishayapima kwa maji alivyosema fundi. Nahodha na wa taa watavaa suti ya bodaboda nzima. Ndani jezi na masweta ya polista, jinzi zibaki nyumbani. Pesa iliyobaki inaongeza majaketi okozi, maana hayatutoshi. Fundi, ukinichukulia kazi ya kubandika utepe kwapani na msambani utanitoza vipi?

Fundi wa Ngamiani

Zilete zote pamoja, zikiwa mpya na kavu. Utepe haushiki kwenye plastiki iliyokwisha kula chumvi, kwa hiyo usizivae kwanza. Bei tutaelewana nikiziona. Wakati wa kuchagua angalia zipu: chukua ya plastiki yenye meno makubwa, za chuma zinaota kutu kusi moja na kukwama. Mikononi iwe na lastiki ya pili kwa ndani, la sivyo kila mkono ukiinuka na kamba maji yanateremka mpaka kwenye kiwiko. Zikisharudi baharini zisuuzwe kwa maji ya bomba na kuanikwa kivulini, jua la Tanga linakausha plastiki mpaka inapasuka kwenye mikunjo. Jumatatu nipo tangu asubuhi.