Naomba ushauri: siku 2 zimebaki Toronto, Niagara au visiwani?

Habari zenu ndugu zangu, hasa mnaoishi Kanada.

Mimi na mke wangu tupo Toronto, leo siku ya 3. Juzi tulipanda mnara wa CN Tower (mita 553, mwenzangu aligusa ile sakafu ya kioo kwa ncha ya kiatu, akarudi nyuma mbio). Jana tukaenda St. Lawrence Market tukakuta pamefungwa, kumbe Jumatatu hawafungui. Tukazunguka Kensington Market kwa miguu hadi jioni, na sasa goti la mke wangu limevimba.

Mimi nataka maporomoko ya Niagara, kama kilomita 130 kutoka hapa. Yeye anataka feri ya Toronto Islands, akae tu atazame ziwa. Nimeangalia treni za GO (zinazounganisha Toronto na miji ya jirani), ratiba imenichanganya: nyingine zinaishia njiani, unamalizia kwa basi.

Je, Niagara kwenda na kurudi siku moja inafaa kwa mtu mwenye goti bovu, na ukishuka stesheni unafikaje kwenye maporomoko bila kutembea sana? Na feri, bora asubuhi au jioni?

Natanguliza shukrani. Tiketi nataka kukata leo usiku.