Uongo wa akili mnemba: tuzuie kuutengeneza au kuusambaza?

Wakuu, kila uchaguzi ukikaribia, popote pale, wimbo ni uleule: akili mnemba itatuzamisha kwenye uongo. Nadhani tunamkaba asiye mhusika mkuu.

Kughushi kumekuwa rahisi mno, hilo silikatai. Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu yenye sauti ya Joe Biden ikiwataka wasiende kwenye kura ya mchujo. Sauti ilikuwa ya kompyuta. Mwezi uliofuata FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ikapiga marufuku simu za kujiendesha zenye sauti za namna hiyo bila ridhaa ya anayepigiwa.

Lakini uongo hausafiri wenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walichapisha uchambuzi wa habari zipatazo 126,000 zilizozunguka Twitter kati ya 2006 na 2017. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena uliozidi wa zile za kweli kwa asilimia 70, na walioleta tofauti hiyo ni binadamu, si roboti, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu. Wakati huo hakuna aliyekuwa na programu ya kumchorea picha kwa sentensi moja.

Kinachonitisha zaidi ni kweli kugeuzwa uongo. Gabon, Rais wa wakati huo, Ali Bongo, aliugua, akapotea machoni pa watu kwa miezi, kisha ikatoka video yake ya salamu za Mwaka Mpya wa 2019. Wapinzani wakadai ni ya kughushi. Wataalamu walioikagua hawakupata ushahidi wa hilo, ila shaka ilishatanda, na Januari 7 wanajeshi wakajaribu kupindua serikali. Sisemi video ndiyo chanzo. Nasema sasa kiongozi yeyote akirekodiwa akipokea rushwa atajibu: "Hiyo ni akili mnemba," na wafuasi wake watamwamini.

Sheria ya kuweka alama kwenye picha za kompyuta, kama ile ya Umoja wa Ulaya, itawabana waaminifu. Mghushi haweki alama. Mimi natetea kupunguza kasi ya usambazaji. WhatsApp, Aprili 2020, iliruhusu ujumbe uliokwisha sambazwa mara nyingi upelekwe kwa gumzo moja tu kwa wakati, na yenyewe ikasema jumbe hizo zilipungua kwa asilimia 70. Mitandao mingine inangoja nini?

Anayeona hatua hiyo itachelewesha pia habari za kweli ambazo wakubwa wanataka zifichwe, alete hoja. Hilo ndilo pingamizi ninaloliona zito.