"Scrutiny": uchunguzi, ukaguzi au upekuzi?

Mfasiri_Chipukizi: Wakuu, natafsiri hukumu ya kesi ya uchaguzi ya Kenya. "Scrutiny" linajirudia kila ukurasa, nami nimeweka "ukaguzi" kote. Mhariri amekataa. Asili yake nini, na niweke neno gani?

Mzee_wa_Kamusi: Mhariri yuko sahihi. "Ukaguzi" humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye vitabu vya hesabu. Neno hili ni la Kilatini: scruta ni matambara na takataka, scrutari ni kupekua humo mpaka ukipate unachotafuta. Kuku jaani hufanya hivyo hivyo! "Upekuzi" lingekuwa pacha wake kabisa, ila polisi wamekwisha kulichukua kwa kupekua nyumba na mifuko.

Liliingia Kiingereza karne ya 15, na mwanzoni lilihusu kura. Kwa Kifaransa "scrutin" hadi leo ni upigaji kura. Anapochaguliwa Papa, makardinali watatu wa kuhesabu kura huitwa kwa jina la mzizi huo huo. Wa tatu husoma jina kwa sauti, kisha hutoboa karatasi kwa sindano penye neno Eligo, "nachagua", ili zote zitungwe kwenye uzi mmoja.

Wakili_Pwani: Naongeza la kisheria, maana hapo ndipo tafsiri nyingi huharibika. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Uchaguzi ya Kenya ya 2011 kinairuhusu mahakama kuamuru scrutiny ya kura. Hiyo SI kuhesabu upya. Kuhesabu upya ni kujumlisha tu. Scrutiny huuliza uhalali wa kura yenyewe: aliyepiga yumo kwenye sajili ya kituo kile? Alipiga pia eneo bunge jingine? Alihongwa? Kura isiyo halali hutolewa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilipoamuru fomu zichunguzwe, baadhi ya fomu 34B (za kujumlisha matokeo ya urais ya kila eneo bunge) zilikutwa hazina alama za usalama, jambo ambalo kujumlisha tarakimu kusingelifichua. Andika "uchunguzi wa kura" na "kuhesabu upya kura", wala usivibadilishane hata mara moja.

Mfasiri_Chipukizi: Shukrani sana. Na mtu akiwa "under scrutiny"?

Mzee_wa_Kamusi: "Anamulikwa." Ukiandika "yuko chini ya uchunguzi" unamfanya mtuhumiwa. Na hoja isiyostahimili scrutiny, sema "ukiihoji, haisimami".