Tupeane uzoefu: Safari ndefu ya pikipiki iliyoishia njiani kwa ajali, chombo chako ulirudi kukichukuaje?

Mleta mada

Wakuu habari za majukumu. Juzi nimepita Mlima Kitonga kule Iringa nikiwa kwenye basi, ile kona nilivyoiona nywele zikanisimama, jirani yangu wa siti akaniuliza kaka vipi unaumwa? Nikasema ngoja nilete hii mada maana najua humu tupo wengi tulioanza safari na chuma tukamaliza na bandeji.

Yangu ilikuwa Disemba 2019. Tiketi za Mbeya zimeisha, zilizobaki bei imepaa, nina Boxer 150 yangu haina hata mwaka, nikajiambia nini bwana, mbona watu wanaenda. Dar mpaka Tukuyu, kwetu huko mkoani Mbeya, ni karibu kilomita 900. Siku hiyo nilishinda dukani, nikafunga saa nne usiku, nikala, nikajinyoosha kwenye kochi lisaa limoja hivi, saa saba usiku nikawasha. Hesabu zangu kichwani, nikwepe jua na foleni ya malori, saa kumi jioni nakula ndizi kwa mama.

Chalinze safi, Moro safi. Zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi ya Mikumi nilizikuta kunapambazuka na pale hukimbii, usiku mwisho 50 mchana 70, ukigonga mnyama una faini yake, kwahiyo natambaa tu na baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nimefika Ruaha Mbuyuni saa mbili asubuhi, nikapiga chai na chapati pale kwa wauza vitunguu, na wakuu naomba niseme ukweli, pale mwili uliniambia lala. Macho yalikuwa kama yametiwa mchanga. Muuza chai mwenyewe akaniambia kaka kuna benchi hapo nyuma pumzika, nikamjibu mlima nikishaupanda usingizi wenyewe utakata.

Sasa napandisha Kitonga, mbele kuna semi la kontena linajikokota mwendo wa kobe, mi niko nyuma yake gia namba mbili, spidi haifiki hata 30. Kumbe kuna gari limepita kabla tenki limejaa mpaka mdomoni, kwenye kona dizeli inamwagika, na dizeli juu ya lami kuiona ni mpaka uwe macho kweli. Mtu aliyelala vizuri angeona lami inang'aa, angesikia hata harufu. Mimi nilikuwa naangalia taa za semi kama naangalia tivii. Nilivyolaza kidogo kuifuata kona tairi la nyuma likaondoka, pikipiki ikatoka chini yangu kama mtu kavuta mkeka. Nikaserereka mpaka upande wa wanaoshuka, nasikia psiiii, semi lingine linashuka, bahati yule dereva alikuwa kwenye gia ndogo akasimama mbali, tandiboi wake akaruka chini anapiga kelele usimguse usimguse.

Mtulinga wa kushoto ukavunjika, goti likachunika, elementi (kofia ngumu) ikapasuka upande mmoja (ile elementi ingekuwa kichwa changu mada hii angeileta mtu mwingine). Wanakijiji wakaja na ndoo za mchanga wakamwaga juu ya dizeli, inaonekana ni kazi waliyoizoea. Kuna mmoja alinikumbatia pole kaka pole kaka jikaze, yule ndio aliondoka na simu yangu na elfu themanini. Halafu kuna mzee mmoja kavaa koti jeusi akaisimamisha pikipiki, akaniambia kijana nenda hospitali, hii nitakutunzia. Sikumuuliza jina wala yeye hakuniuliza langu. Nikapakiwa kwenye Kenta ya nyanya mpaka Ilula.

Mwisho wa kumpata huyo mzee nitausema baadae. Tupeane uzoefu, ilikukuta wapi, na ulifikaje ulikokuwa unaenda?

Mchangiaji 2

"Naangalia taa za semi kama naangalia tivii" 😂😂 mkuu umenimaliza. Hiyo hali naijua, unashtuka umeshapita kijiji kizima na hukumbuki hata rangi ya sheli yao. Naweka kambi hapa.

Mchangiaji 3

Mimi ni mwanamke na nilikuwa abiria, kwahiyo nawaletea habari za siti ya nyuma ambazo nyie madereva hamzijuagi.

Tulikuwa tunaenda Moshi kuhesabiwa, yaani sikukuu za mwisho wa mwaka nyumbani, mimi na baba watoto, watoto tulishawatanguliza kwa basi na dada yao. Dar mpaka Korogwe tunaimba. Mombo tukala nyama. Tulivyofika Same mambo yakabadilika, wanaoijua ile barabara wanaujua upepo wake, unapiga ubavuni toka milimani mpaka pikipiki inaenda imeinama kama mlevi. Na sisi nyuma tumefunga begi kubwa limekaa kama tanga la jahazi, juu yake blanketi la bibi, pembeni kidumu cha mafuta ya kula. Nikamwambia baba fulani simama tufunge vizuri, akaniambia tumekaribia.

Basi likaja kwa mbele linakimbia. Lilivyotupita ule upepo wa kulia ukakatika ghafla maana basi limeukinga, halafu likishapita ukarudi wote kwa pamoja. Mwenzangu alikuwa ameegemeza pikipiki kushindana na upepo, upepo ulivyokatika tukaenda kulia, uliporudi tukatupwa kushoto nje ya lami kwenye miba. Hatukuvunjika, ila mguu wangu ulibanwa chini ya eksozi na mpaka leo kovu lipo, limekaa kama ramani ya Pemba.

Kilichoniuma zaidi ya mguu ni kwamba alikimbilia kuangalia pikipiki kwanza. Alivyogeuka akakuta namwangalia. Hajawahi kushinda ugomvi wowote ndani ya nyumba toka siku ile.

Pikipiki ilipakiwa kwenye Kenta iliyokuwa inarudi tupu Moshi, sisi tukakaa mbele na dereva. Mama mkwe alivyoniona nachechemea na nanuka mafuta ya kula akasema karibu mwanangu, umekuja na harufu ya chipsi.

Mchangiaji 4

Wacha niwape ya huku Kenya. Nilitoka Mombasa saa kumi alfajiri na nduthi yangu naenda Nairobi kwa harusi ya cousin, suti nimeifunga ndani ya karatasi ya plastiki mgongoni. Nikapita Voi, Mtito Andei nikajaza mafuta, nimetulia kabisa. Kabla ya Emali mbuzi wakavuka. Nikapunguza, wote wakapita, nikaongeza. Ndio nikajua mbuzi wa mwisho hawagi wa mwisho, akatoka kwa kichaka anakimbilia wenzake.

Nimelala kando ya barabara mkono haugeuki, mchungaji amekuja amesimama juu yangu, nikadhani anataka kunisaidia. Akasema, "Huyo mbuzi ni elfu nane." Nikamwambia ndugu nimevunjika. Akasema naona, pole sana, elfu nane. Tukabishana mimi nikiwa nimelala! Watu wakajaa, wazee wakaamua nilipe elfu nne na niachiwe nyama. Nikatuma kwa simu na mkono mmoja, na hiyo nyama ningeipeleka wapi na mimi naenda kuwekwa plasta? Niliwaachia wenyewe waliokuja kunibeba.

Harusi niliiona kwa picha. Suti haikuchafuka hata kidogo.

Mchangiaji 5

Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu, sitakitaja. Majeruhi wa pikipiki kwetu ni wa kila wiki, mwisho wa mwaka ni wa kila siku. Nimesoma hizi stori nimecheka ila huyo tandiboi aliyepiga kelele usimguse ndiye shujaa wa mada hii nzima.

Watu wetu wana huruma ila huruma yenyewe inaua. Mtu kaanguka, mmoja anashika mikono mwingine miguu wanamtupa nyuma ya Noah kakunjika kama gunia, kama shingo au uti wa mgongo ulikuwa na ufa pale ndio wanaumalizia. Mlaze kwenye kitu kigumu, mlango, ubao, chochote, mumbebe watu wanne au watano kwa pamoja kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja. Elementi usiivute kama unachomoa sufuria, kama anapumua vizuri iache tufike tuitoe sisi. Damu inatoka, kunja kitambaa safi kandamiza usiachie, usiwe unafunua funua kuangalia kama imekata. Maji ya kunywa usimpe hata akiomba, anaweza akahitaji upasuaji. Pete na saa vua mapema kabla mkono haujavimba.

Lakini anayenitisha mimi sio yule anayelia. Ni yule anayesimama, anajipangusa vumbi, anasema niko poa, anawasha pikipiki anaendelea na safari. Usukani umempiga tumboni upande wa kushoto, bandama imechanika, damu inavujia ndani polepole. Tumepokea mtu wa hivyo alikuja anatembea na miguu yake anaomba panadol, kumpima presha tukaanza kukimbia. Tumbo linauma au linakuwa gumu, bega la kushoto linauma na hukuangukia bega, kizunguzungu, jasho la baridi, hiyo safari imeisha, nenda hospitali. PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) anaweza kuifuata ndugu yako polisi wakati wewe unahudumiwa.

Mchangiaji 6

Mi nitawaudhi ila pikipiki sio chombo cha safari ndefu, ni ya kwenda sokoni. Basi zipo. Mnatafuta kifo kwa gharama zenu halafu mnakuja kupeana uzoefu.

Mchangiaji 7

@6 basi nazo hazigongani? Mi nimeenda Mwanza mara tatu kwa pikipiki, kila masaa mawili nasimama nanyoosha mgongo, saa kumi na mbili jioni natafuta gesti. Inachukua siku mbili na zaidi lakini nafika. Tatizo watu wanataka kufukuzana na basi lenye madereva wawili, wewe dereva ni mmoja na huyohuyo ndio konda.

Halafu kwenye milima msishuke na frii eti mnabana mafuta. Weka gia ndogo injini ikushike, breki ziwe za kusaidia tu. Na bima angalieni, wengi tuna ile ndogo, ukijiangusha mwenyewe haikulipi kitu, ni ya uliyemgonga.

Mchangiaji 8

Sisi tulikuwa wawili, pikipiki mbili, tunatoka Makambako tunarudi Dar, usiku. Yeye alikuwa mbele. Kuna lori lilikuwa limeharibika halina taa wala kiakisi, wamekata matawi ya miti wameweka barabarani. Matawi yenyewe yalikuwa karibu mno, hatua kama kumi toka kwenye lori, yakiwa hapo ukiyaona umeshafika. Mimi niliona taa yake nyekundu ya nyuma, halafu sikuiona.

Kwahiyo mimi sina la kuchekesha. Ninachoomba, ukiharibikiwa weka alama mbali, na ukitengeneza gari likaondoka yatoe hayo matawi. Pikipiki yake ndugu zake hawakuitaka. Ipo kituo cha polisi nadhani mpaka leo.

Mleta mada

@8 pole sana ndugu yangu. Sina neno.

@6 nakuelewa, mama yangu anasema hivyohivyo.

Sasa mwisho wa yangu. Nilifungwa bandeji ya nane mabegani, wiki sita silali upande, Tukuyu nikafika kwa basi tarehe tatu Januari, ndizi nalishwa. Pikipiki nikaiandika hasara. Mwezi wa nne mvua zimeshika nikasema ngoja nijaribu, nikashuka pale chini ya mlima naulizia mzee mwenye koti jeusi, watu wananicheka kwasababu kila mzee pale ana koti jeusi. Mtoto mmoja akasema, ni yule mwenye pikipiki isiyotembea?

Nimeikuta chini ya banda, imefunikwa turubai, kuku anaatamia juu ya siti. Mzee ananisalimia kamwene (salamu ya Kihehe), hana hata mshangao, ananiambia subiri zimebaki siku nne watotolewe. Nikadhani utani, hakuwa anatania. Nikalala kwake siku nne wakuu! Taya ya mbele, ile inayoshika tairi, ilikuwa imepinda, nikamleta fundi toka Ilula akainyoosha, tukabadilisha plagi na mafuta, ikawaka kick ya tano. Nikatoa laki moja nikampa, akakataa. Akasema kama unataka kunilipa nipeleke Ilula nikauze vitunguu.

Kwahiyo mara ya kwanza kupanda tena ule mlima nilikuwa na mzee nyuma na nusu gunia la vitunguu katikati yetu. Kufika ile kona mikono ikaanza kutetemeka, nikapunguza mpaka injini inataka kuzima. Mzee akanigonga begani, lile lililovunjika, akasema kanyaga kijana soko linafungwa.

Mchangiaji 2

Mkuu hiyo kona ni ya ngapi ukianza kupanda kutokea Mbuyuni? Napita Jumanne na Boxer.

Mleta mada

Kuhesabu sikuwahi. Ni ile ambayo ukiitazama lami yake kuna doa la mchanga haliishi. Na lala Mbuyuni, benchi lipo nyuma ya muuza chai.