Tupeane uzoefu: mahali kwenu pamepataje jina lake, na nani alikusimulia?

Wakuu, salaam.

Kijijini kwetu kuna kona inaitwa Mbuyuni. Nimekua napita pale na ndoo ya maji, mbuyu sijawahi kuuona. Siku moja nikamuuliza bibi. Akanishika mkono hadi kando ya njia, akanionyesha bonde dogo lililojaa nyasi, kama sufuria iliyofukiwa. "Si huo hapo!" Ulianguka yeye bado mwali. Jirani yetu, mzee wa rika lake, akasikia akacheka: ule mbuyu ulikuwa ng'ambo ya korongo, hapo palikuwa na kichuguu tu. Wamezeeka wakibishania hilo.

Hata miji ina ubishi wake. Bagamoyo wapo wanaosema ni pale wapagazi walipobwaga mizigo, moyo ukatulia; wengine wanasema ni mateka waliobwaga moyo, wakakata tamaa mbele ya bahari. Dodoma ndiyo ya tembo: alikwenda kunywa maji, akadidimia kwenye tope, Wagogo wakasema "idodomya", amezama. Hiyo naiamini nusu. Songea haina longolongo, ni Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji.

Leteni za kwenu. Za vijijini hasa, zile zisizo kwenye vitabu.

---

Mkuu, mimi wa Tabora. Tumeambiwa jina limetokana na matobolwa, viazi vitamu vinavyochemshwa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama ngozi. Usivichanganye na michembe, hiyo hukatwa mbichi. Bibi alikuwa akinijazia mfukoni naenda shule, nasikia kaka zangu wakisema "huyo kabeba mji mzima".

---

Iringa ni "lilinga", ngome kwa Kihehe. Nimemaliza.

---

Kwetu jina lililetwa na gari. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 70, wazee walihamishwa kutoka mlimani wakashushwa bondeni, na kijiji kikaitwa Azimio, kwa ajili ya Azimio la Arusha la 1967. Nadhani nusu ya nchi ina Azimio yake. Kule juu palikuwa na jina la "Kwa" fulani, mtu aliyefyeka msitu wa kwanza. Baba alizaliwa kule lakini cheti kinasema Azimio.

Jina la zamani nalisikia msibani tu. Makaburi yetu yalibaki mlimani, kwa hiyo mtu akifa vijana wanatangulia na mapanga kufyeka njia. Mwaka jana tulipomzika shangazi, dereva wa gari la maiti akauliza kwenye simu tuko wapi. Wajukuu wakamwambia Azimio. Akapotea saa nzima. Mzee mmoja akachukua simu, akataja lile la zamani, na yule dereva, kumbe naye mtu wa huko, akajibu, "Ah, mngesema mapema!"